Injini ya Mjerumani iliyogoma Lusahunga

Najua kibaraza hiki kimekaa wiki kadhaa bila kufagiliwa. Nilikuwa Kagera kwa kazi ya gazeti, na ya gazeti mtayasoma gazetini. Haya ya leo mhariri wangu aliyakataa. Nilipomsimulia kwa simu akacheka, akasema hiyo ni habari ya gari bovu. Mimi nikabaki na msimamo kuwa ni habari ya historia, na kwa kuwa hapa mhariri ni mimi mwenyewe, basi leo mtanivumilia.

Kwa wasiopajua Lusahunga: ukitoka Dar kwa barabara ya kwenda Rwanda na Burundi, unapita Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, unafika Nyakanazi panapochepuka njia ya Kigoma. Ukisonga mbele kidogo unakutana na Lusahunga, wilaya ya Biharamulo, barabara inapogawana: huku unakwenda Biharamulo mjini na kuendelea Bukoba, huku unakwenda Ngara na Rusumo. Kutoka hapo hadi mpakani Rusumo ni kilomita 90 na ushei. Ni mji wa malori. Usiku wanalala hapo madereva wa mataifa manne, asubuhi kunabaki matope, maganda ya ndizi na harufu ya dizeli. Kuna miaka magari hayakuthubutu kupita kwenye mapori ya huku bila msafara wa polisi wenye bunduki, kwa sababu ya majambazi. Wazee wa njia hii bado wanahesabu maisha yao kwa misafara hiyo.

Nilifika jioni kwa basi, nikalala gesti, asubuhi nikatoka kutafuta Hiace ya kwenda Ngara. Kulikuwa na mvua ya manyunyu na baridi la kutosha kumfanya mtu wa Mwanza kama mimi avae koti. Mbele ya kibanda cha mama ntilie watu wamejaa. Nikajua ajali. Kumbe wamezunguka gari.

Na gari lenyewe! Mazda RX-8 nyekundu, chini kama sahani, milango ya nyuma inafunguka kinyumenyume kama kabati. Hapo katikati ya malori ya tani 30 lilionekana kama kiatu cha harusi kwenye shamba la mihogo. Kwenye kioo kuna karatasi za forodha. Lilikuwa gari la IT, yaani limeshushwa bandarini Dar na linapelekwa Burundi kupitia Kabanga, na dereva wake ni mzee wa miaka hamsini na kitu, mwenye kofia ya sufi na macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Shikamoo mzee. Limekuwaje?"

"Marahaba kijana. Limekufa. Jana limenileta vizuri kabisa, leo limekufa."

Akageuza ufunguo. Stata ikazunguka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye gari jingine, laini, haraka, bila ule mdundo wa kuhema tuliouzoea kwenye Corolla. Kama cherehani. Halafu kimya. Harufu ya petroli ikatapakaa.

Nilijua kitu kimoja tu wakati ule, nacho nilikijua kwa sababu ya utoto wa kucheza gemu za magari kwenye PlayStation: gari hili halina pistoni.

Fundi wa pale, kijana mwenzangu tu mwenye ovaroli iliyokuwa ya buluu zamani, alikuwa ameshafungua boneti na amekata shauri. Alichomeka kidole hapa na pale akitafuta kifuniko cha valvu, hakukiona. Akasema kompresheni imekwisha, injini ifunguliwe. Mzee alipouliza ni kiasi gani, fundi akataja pesa ambayo sitaiandika hapa, ila ilikuwa zaidi ya ujira wote wa safari ya mzee. Na karatasi za forodha zina siku zake. Gari la IT likichelewa kutoka nchini, maswali yanamfuata dereva kwanza, mwenye mali baadaye.

Nikamwomba mzee anisimulie tangu mwanzo. Hapa ndipo habari ilipoanza kunoga.

Wakala aliyemkabidhi gari kule Dar alitazama karatasi, akaona injini ni cc 1308, akampigia hesabu ya pesa ya mafuta ya gari dogo. Kama Vitz. Kufika Singida mzee akagundua kuwa anaendesha pipa lililotoboka. Gari linakunywa kama Land Cruiser. Kahama alianza kuongeza kutoka mfukoni mwake. Kwa hiyo akajiwekea sheria: kila anaposimama, hata dakika moja, anazima. Asubuhi ile lori moja lilitaka kutoka, gari lake likawa limeziba njia. Akawasha, akarudi nyuma hatua kama kumi, akazima mara moja. Aliporudi baada ya chai, halikuwaka tena.

Msomaji, hiyo hesabu ya cc 1308 ndiyo iliyomponza mzee, na ili kuielewa inabidi twende mbali kidogo.

Felix Wankel alizaliwa mwaka 1902 huko Lahr, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Wakati huo Biharamulo nako ni kwa Mjerumani, na boma lao bado limesimama pale mjini hadi leo. Vita ya 1914 ilipoanza baba yake Wankel alikwenda na kuuawa mwaka uleule. Vita hiyohiyo ikaja huku kwetu, na 1916 Wabelgiji wakaingia Biharamulo. Mama wa Wankel hakuwa na pesa, kijana hakusoma chuo kikuu. Macho yake yalikuwa mabovu, na inasemwa hakuwahi kuwa na leseni ya udereva maisha yake yote. Mtu ambaye hakuwahi kuendesha gari kihalali ndiye aliyetaka kuwatengenezea madereva injini mpya. (Nawajua wahariri wa aina hiyo.)

Hasira yake ilikuwa na pistoni. Hebu fikiria injini ya kawaida: pistoni inapanda, inasimama, inashuka, inasimama, inapanda tena, maelfu ya mara kwa dakika, ili hatimaye magurudumu yazunguke. Wankel akaona huo ni upuuzi. Kama unataka mzunguko, kwa nini usianze na mzunguko? Hataza yake ya kwanza ya injini ya kuzunguka aliipata mwaka 1929.

Nisimpambe. Wankel alikuwa mfuasi wa Hitler tangu miaka ya ishirini, akagombana na kiongozi wa chama wa jimbo lake, akafungwa miezi kadhaa mwaka 1933, akatolewa na mkubwa mwingine wa chama hichohicho, kisha wakati wa vita akaifanyia kazi serikali ya Wanazi kwenye mambo ya valvu za injini za ndege. Vita ilipokwisha Wafaransa walimfunga na kuibomoa karakana yake. Baadaye alitunukiwa na kuheshimiwa kama vile hayo yote yalikuwa mvua iliyopita. Historia ya mashine ina tabia ya kusahau waliozishika.

Mwaka 1951 alipata kazi na kampuni ya NSU, watengeneza pikipiki. Tarehe 1 Februari 1957 injini yake ya kwanza ikazunguka kweli. Ila ilikuwa na kasoro ya kuchekesha: vyote viwili, cha ndani na cha nje, vilikuwa vinazunguka, kiasi kwamba kubadilisha plagi ilikuwa lazima ubomoe injini. Mhandisi wa NSU aitwaye Hanns Dieter Paschke akasema hapana, cha nje kisimame, cha ndani kizunguke kwa kuyumba. Wankel alikasirika sana, akaona wamemharibia kazi. Lakini injini zote za Wankel mlizowahi kusikia kwenye magari ni hizo za Paschke. Jina likabaki la Wankel.

Sasa ndani mna nini? Nilimweleza fundi kwa kuchora kwenye vumbi chini ya turubai, na mama ntilie akanisaidia bila kujua kwa sababu alikuwa anakaanga sambusa. Rota ni sambusa iliyoshiba: pembe tatu, mbavu zimevimba. Inakaa ndani ya chumba kilichobanwa kidogo kiunoni, kama ganda la karanga. Pembe zote tatu zinagusa ukuta muda wote. Kwa hiyo kati ya kila ubavu na ukuta kuna nafasi, na sambusa inapozunguka kwa kuyumba, nafasi hizo zinapanuka na kusinyaa. Inapopanuka inanyonya hewa na petroli, inaposinyaa inabana, plagi zinachoma, moto unasukuma, moshi unatoka. Kazi zilezile nne za injini ya kawaida, ila hapa zinafanyika kwa pamoja kila moja kwenye pembe yake. Hakuna valvu, hakuna konrodi. Ndiyo maana fundi alitafuta kifuniko cha valvu mpaka akachoka.

RX-8 ina sambusa mbili. Kila chumba kina cc 654, mbili ni 1308, ndiyo namba iliyoandikwa kwenye karatasi. Lakini angalia: injini ya kawaida, kila silinda inawaka mara moja kwa mizunguko miwili ya shafti. Hii, kila rota inawaka mara moja kwa kila mzunguko. Kwa hiyo hewa na petroli inayomeza ni sawa na injini ya kawaida ya cc 2600. Wajapani wenyewe wanalijua hilo, kwenye kodi zao injini hizi huzidishwa kwa moja na nusu. Kwetu ushuru unasoma namba iliyoandikwa. Na wakala wa mzee naye alisoma namba iliyoandikwa.

Fundi alinyamaza muda mrefu akiangalia mchoro. Halafu akauliza swali ambalo wahandisi wa Hiroshima walikesha nalo miaka: "Sasa kwenye hizo ncha, kinachoziba ni nini?"

Hapo ndipo penyewe. Kwenye pistoni kuna ringi, duara, zimetulia ndani ya silinda ya duara. Kwenye rota kuna vipande vyembamba vya chuma kwenye kila ncha, vinasukumwa na springi ndogo vikwaruze ukuta. Vikivuja, injini haina nguvu. NSU waliuza gari lao kubwa la rota, Ro 80, kuanzia 1967. Likapewa tuzo ya gari bora la mwaka Ulaya kwa mwaka 1968, na sili za ncha zikaanza kufa mapema mno. Kampuni ikabadilisha injini bure mpaka ikaishiwa pumzi, na 1969 ikamezwa na Volkswagen kwa kuunganishwa na Auto Union. Kuna masimulizi kwamba madereva wa Ro 80 wakipishana njiani walisalimiana kwa kuonyeshana vidole, idadi ya injini walizokwisha badilishiwa.

Kampuni kubwa za dunia zilinunua leseni, General Motors, Mercedes, Citroën, zikajaribu, zikaacha. Aliyebaki ni mmoja, kampuni iliyoitwa Toyo Kogyo ya Hiroshima, ambayo gari zake ziliitwa Mazda.

Hiroshima ni ileile mnayoifikiria. Tarehe 6 Agosti 1945 kiwanda chao kilikuwa pembeni ya mji na kilima kilikikinga, kikasalimika, na kwa muda ofisi za serikali ya mkoa zikahamia humo kwa kuwa zao hazikuwepo tena. Miaka kumi na tano baadaye serikali ya Japani ilikuwa inataka kampuni ndogo za magari ziunganishwe na kubwa. Mkuu wa kampuni, Tsuneji Matsuda, akaona njia pekee ya kutomezwa ni kuwa na kitu ambacho wengine hawana. Akaenda Ujerumani, akanunua leseni ya injini ambayo haikuwa imekamilika. Mwaka 1963 akamkabidhi Kenichi Yamamoto kikundi cha wahandisi 47. Idadi hiyo Mjapani akiisikia anakumbuka hadithi ya mashujaa 47 waliolipiza kisasi cha bwana wao na kufa kwa ajili hiyo. Ni kama kumpa mtu kazi na sanda kwa mkupuo mmoja.

Injini za majaribio zilipofunguliwa, ukuta wa ndani ulikuwa umechanwa mistari mistari. Wakaiita mikwaruzo hiyo kucha za shetani. Sili ilikuwa inatetemeka inapopita, kama kidole kinachokwaruza kioo. Wakajaribu vifaa vya kila namna, mwisho wakapata mchanganyiko wa kaboni na aluminiamu uliotulia. Mei 1967 Cosmo Sport ikaingia sokoni. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973 injini hii mlevi nusura iizike kampuni, wakaokolewa na benki, na Ford ikanunua robo ya hisa mwaka 1979. Katikati ya shida hizo wakatoa RX-7, mwaka 1978. Mwaka 1991 gari lao la mbio, 787B, likashinda saa 24 za Le Mans, likiwa la kwanza la kampuni ya Japani kushinda pale.

Niliporuka hadi hapo, mzee akaniuliza kwa upole kama Le Mans itamfikisha Kabanga.

Sawa. Turudi kwenye petroli.

Injini yoyote ikiwa baridi hulishwa petroli nyingi ili iwake. Kwenye rota, kinachosaidia zile sili zizibe ni utando mwembamba wa oili ukutani. Ndiyo maana injini hizi hujimwagia oili kidogo ndani makusudi na huwezi kuzilaumu kwa kula oili. Sasa ukiwasha baridi na kuzima baada ya sekunde chache, petroli ile ya ziada haijaungua. Inabaki ndani, inaosha utando wa oili. Sili hazizibi tena, kompresheni inashuka, plagi zimelowa. Ukigeuza ufunguo, kompyuta inaona injini haijawaka, inaongeza petroli. Kila jaribio linazidisha ugonjwa. Injini haijafa, imelewa.

Na RX-8 hulewa upesi kuliko kaka zake, kwa sababu ambayo ni ya kisiasa kabisa. Kwenye RX-7 za zamani moshi ulitoka kwenye tundu la ukutani. Nchi tajiri zilipobana sheria za moshi, Mazda wakaunda injini ya RX-8 ya mwaka 2003 kwa kuhamishia matundu ya moshi pembeni, ili petroli isiyoungua isitoroke nje, irudi kuchomwa mzunguko unaofuata. Moshi ukapungua kweli. Ila petroli ya maji ikizidi, nayo haina pa kutorokea. Juu ya hayo, stata za mwanzo zilikuwa dhaifu kidogo, baadaye wakaweka zenye nguvu zaidi. Sheria za Ulaya zikaja kuzidi hata hizo hatua, RX-8 ikaacha kuuzwa huko 2010 na kuundwa ikakoma 2012. Ndiyo maana zipo nyingi kwenye minada ya Japani kwa bei ya kutupwa, na ndiyo maana moja ilikuwa Lusahunga.

Nilimpigia rafiki yangu tuliyesoma naye Mlimani, ambaye aliacha uandishi akaenda kuuza vipuri na sasa ana nyumba. Mtandao wa Lusahunga ukanihurumia. Akasema: kwanza mwambieni dereva akanyage mafuta mpaka chini, asiachie, apige stata sekunde zisizozidi kumi, apumzishe, arudie.

Mzee akakataa katakata. "Imejaa petroli, halafu nikanyage mafuta? Unataka niichome?"

Alikuwa na haki. Amejifunza udereva kwenye malori ya kabureta, anajua ukipampu pedali unaongeza petroli. Ila kwenye gari hili pedali ikiwa chini kabisa wakati wa kupiga stata, kompyuta inaelewa kuwa injini imezama na inafunga nozeli. Hewa tu ndiyo inaingia. Tulibishana kama dakika kumi, na aliyemaliza ubishi ni fundi. Akasema, "Mzee, mafuta yanaletwa na nozeli, si mguu wako." Akajaribu. Stata ikazunguka, harufu ikazidi, halikuwaka. Mara ya tatu betri ikaanza kuchoka. Vijana wakalisukuma mpaka kwenye kituo cha mafuta na kulirudisha, bure.

Basi ikabidi plagi zitoke. Zipo nne, mbili kwa kila rota, na zimejificha ubavuni chini, upande wa kushoto, unazifikia vizuri ukitoa gurudumu la mbele. Rafiki yangu alisisitiza: za juu na za chini hazifanani, usizichanganye. Fundi, ambaye saa moja nyuma alikuwa haijui injini hii, akazipanga juu ya gunia kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Zilikuwa nyeusi na zinachuruzika. Akazifuta, akazikausha kwenye jiko la mkaa la mama ntilie, lakini kwanza alilibeba jiko mbali hatua thelathini na kumfokea mtoto aliyekuwa analifuata. Nilimpenda kwa hilo. Kisha akachomoa fyuzi ya umeme wa injini ili petroli na moto visije kabisa, akamwambia mzee apige stata matundu yakiwa wazi. Petroli ikatoka kama mtu anayepiga chafya. Watu wakarudi nyuma.

Halafu oili. Kijiko kidogo kwa kila rota kupitia tundu la plagi, injini izungushwe taratibu ili ukuta upake utando wake upya. Ikiwa nyingi utalowesha plagi tena kwa oili badala ya petroli, kwa hiyo kijiko kiwe kijiko kweli.

Betri ilikuwa imekwisha. Utingo wa lori la jirani akaja na nyaya, roho safi kabisa, anataka kuunganisha. Fundi akamshika mkono. Lori lina volti 24, yaani betri mbili za 12 zimeshikana. Ukizipeleka zote kwenye gari dogo unaunguza kompyuta, na hapo ndipo gari lingekufa kwa kweli. Akachukua kutoka betri moja tu.

Fyuzi ikarudishwa. Mzee akakanyaga chini, akapiga stata, akaanza kuachia pedali polepole. Ikakohoa mara moja. Ikanyamaza. Ikakohoa mara mbili. Halafu ikalipuka kwa moshi mweupe wenye buluu ambao uliimeza Lusahunga yote, mama ntilie akafunika sambusa, mbuzi wakakimbia, mtu mmoja akapiga kelele kuwa inaungua. Haikuwa inaungua. Ni ile oili na petroli iliyobaki. Dakika chache moshi ukasafika, na ile sauti ya cherehani ikatulia.

Mzee akaenda kuuzima mkono ufunguo, kwa mazoea. Watu kama ishirini tukapiga kelele kwa pamoja.

Tukamwambia kanuni moja: ukiliwasha likiwa baridi usilizime mpaka mshale wa joto umefika katikati, hata kama unaliondoa kwenye kivuli tu. Akauliza, na mafuta je? Nilikokotoa naye kwenye kikaratasi. Petroli ya kulipasha moto dakika kumi ni ndogo sana ukilinganisha na ile iliyomwagika asubuhi ile, acha pesa ya fundi. Lakini ilikuwa pesa yake, si ya wakala, na nilielewa kwa nini mkono wake ulikwenda kwenye ufunguo.

Fundi alitoza bei ya kufungua plagi tu. Aliniomba nimtumie kwenye simu picha ya rota iliyofunguliwa, nikamtafutia. Akaikuza kwa vidole, akaitazama mpaka Hiace yangu ikapiga honi.

Mzee alinikaribisha kupanda hadi Ngara. Msomaji, nilitamani kuliko ninavyoweza kusema. Lakini gari la IT haliruhusiwi kubeba abiria, na mwandishi wa habari kukutwa humo kizuizini ni habari ya mhariri mwingine. Nikapanda Hiace, watu 22, kuku wawili. Karibu na mteremko mmoja kabla ya kuchepuka Nyakasanza likatupita, jekundu, na mkono wa mzee dirishani.

Jioni nikiwa Ngara akanitumia ujumbe: amefika Kabanga, amepanga foleni ya forodha, na hajalizima. Juzi nimempigia. Ile tofauti ya pesa ya mafuta wakala hajamlipa. Anasema karatasi inaonyesha cc 1308.